Nilifuta Baraka ya Mama Namnyaki

Mama Hedwiga, shikamoo, nakuandikia nikiwa na uzito moyoni na tafadhali usiichape barua hii gazetini, unijibu kwa posta, maana mume wangu ni karani wa serikali hapo Boma na watu wa usharika wetu hapa Arusha wote wanakusoma. Mimi ni Mlutheri, kwetu ni Machame, na kwa miaka minne maziwa nanunua kwa mama mmoja wa Kimasai anayetoka Terrat na vibuyu vyake, jina lake Namnyaki, tumezoeana mpaka huingia jikoni kwangu akanywa chai, na mwanangu Ndesanjo alipougua homa mwezi wa kwanza yeye alikuja kumtazama na kumwombea kwa Kimasai kila siku hata siku ambazo hana maziwa ya kuuza.

Mtoto alipopona, Mama Namnyaki akaja akamtemea mate kidogo kichwani, ndiyo baraka yao, akaniuliza, "Na ninyi kanisani mnambarikije mtoto? Huyo Mungu wenu anasikia Kimasai?" Sasa siku hiyo wenzangu wa kwaya walikuwa wamekaa hapo, nikaona haya, nikachukua kitambaa nikamfuta mtoto kichwa mbele ya macho yake, nikacheka, nikasema, "Ah, mama, hayo ni mambo yetu sisi watu wa Machame." Akapima maziwa akaenda zake, na tangu siku hiyo akija anasimama nje ya ua, hakaribii jikoni.

Jumapili iliyopita mwinjilisti alituagiza kila mmoja amlete jirani mmoja asikie Neno, na mimi anayenijia moyoni ni huyu huyu, lakini nitaanzaje, na Biblia yenyewe siijui sana, tena Mama Namnyaki amesema malisho yamekauka na mwisho wa mwezi wanahama na ng'ombe wao hata hajui watarudi lini. Je, nimwachie mwinjilisti aende?

Ni mimi, Mama Ndesanjo, Arusha, Februari 1953.

Mama Ndesanjo, marahaba. Mara ya kwanza nilipoisoma barua yako nilikuhurumia, ya pili nikakukasirikia, na sasa nakujibu nikiwa nimetulia.

Mwenzako alikupa kitu kizuri kuliko vyote alivyo navyo, wewe ukakifuta kama uchafu kwa sababu ya macho ya wanakwaya. Halafu akakuuliza habari za Mungu kwa mdomo wake mwenyewe! Wainjilisti wangapi wanatembea na jua kutwa nzima wakimtafuta mtu mmoja wa kuuliza swali hilo? Wewe limekujia mlangoni, ukajibu kana kwamba Bwana Yesu alizaliwa Machame.

La kumwachia mwinjilisti, hapana. Hakuulizwa yeye. Atakwenda, atahubiri vizuri, na Mama Namnyaki atamsikiliza kwa adabu huku akikumbuka kile kitambaa.

Fanya hivi. Usingoje aje na maziwa, maana hapo atakuwa muuzaji na wewe mnunuzi. Mfuate kwake Terrat, mbebe mtoto, na usiende na mwanakwaya hata mmoja. Ukifika, kabla ya kulitaja kanisa, sema, "Mama, nilikukosea, naomba umbariki mwanangu tena." Akimbariki, mikono yako itulie. Kisha mjibu swali lake, kwamba Mungu anasikia Kimasai na alimsikia siku zote zile alipomwombea Ndesanjo. Mweleze jinsi ulivyoomba wewe mtoto alipokuwa anawaka homa, na uliyemwomba ni nani. Hayo unayajua bila kufungua Biblia. Akitaka zaidi, mkaribishe Jumapili, ukae naye benchi moja, wenye kunong'ona wanong'one. Akikataa, usinune, endelea kumpenda kama jana, maana hukutumwa kumshinda.

Tena usiniambie huna maneno. Mimi hunijui, sijawahi kukanyaga jikoni kwako, na bado umenimwagia moyo wako wote kwenye karatasi. Yeye alikaa na mwanao katika homa, na kwa miaka minne hujamwambia hata neno moja la Yule unayemwimbia kila Jumapili. Nenda kesho asubuhi.