Kaburi Tupu Kwenye Njia ya Bomba

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba haraka, kwa sababu wiki ijayo watu watakuja kuchimba na sijui nitauweka wapi uso wangu. Mimi ni mke wa Nasuru hapa Koboko, na mji wetu umepata mpango wa maji wa miaka kumi na tano, bomba kubwa kwanza, matangi baadaye, halafu mabomba ya mitaani, fedha zikija kidogo kidogo kutoka serikalini na kwa wafadhili, na mwaka huu ni zamu ya mtaa wetu, na wapimaji walipopigilia vigingi tukaona mstari unapita katikati ya kiwanja tulichokirudia kwa shida kutoka ukimbizini Sudan, mume wangu akasema hatoki tena, tumekimbia vya kutosha. Basi mama mkwe alipokwenda Kuluva kumuuguza dada yake, Nasuru akachimba, akarundika udongo, akapanga mawe juu, akaiambia kamati ya maji kwamba hapo amelala ndugu yake Kamisi, askari aliyepotea tulipokimbia mwaka 1979. Nilimwona nikanyamaza, maana nami nakipenda kiwanja.

Kamati ikaheshimu kaburi, ikakunja mstari, na mstari mpya ukaangukia nyumba ya jirani yetu Paska, ambaye ni mjane. Mama aliporudi akaliona lile kaburi, akauliza mbele ya watu wa kamati, na Nasuru akashindwa kurudi nyuma, akasema, "Mama, hii kaburi iko ya Kamisi. Watu ya Kaya, kule Sudan, walileta mifupa yake wakati wewe iko Kuluva." Mama akaketi chini palepale. Miaka yote hii alikuwa akimwekea Kamisi chakula jioni, siku ile akaacha. Akaniambia, "Sasa mimi naweza kufa. Mutoto yangu iko karibu." Kila Ijumaa anakaa pale na tasbihi, na mimi ndiye ninayempelekea mkeka.

Sasa Paska amelalamika, kamati imerudisha mstari wa kwanza, na kaburi litahamishwa kwa heshima, sheikh akiwepo, na mama ameomba aishike sanda kwa mikono yake. Nasuru anasema tufunge mifupa ya mbuzi. Nikisema ukweli namuua mama, nikinyamaza tunamzika mbuzi kwa jina la shemeji yangu. Nifanye nini?

Hajara, Koboko

*

Hajara,

Mbuzi mwacheni na mifupa yake. Nilipofika hapo niliiweka barua yako chini nikatoka nje kwanza.

Nakuonea huruma, usidhani sikuonei. Mtu aliyelala miaka nchi za watu akiona kigingi uani kwake moyo unamruka. Lakini mlikuwa na mdomo. Mngekwenda kwenye kamati mkasema tupeni kiwanja kingine, tulipeni, na mngesikilizwa au msingesikilizwa. Nyinyi mkachukua jembe. Njia ya mwongo ni fupi, na yenu imeishia mikononi mwa mama mzazi.

Na Paska umempa mstari mmoja tu katika barua yako! Mjane abomoe nyumba kwa ajili ya shimo tupu, na bomba lililokunjwa likale fedha za mtaa unaofuata, ambao nao una watoto wanaokunywa maji ya kijito. Mji haupewi fedha hizo mara mbili, Hajara.

Sasa fanya hivi. Usiseme wewe. Nasuru ndiye aliyechimba, Nasuru ndiye atakayemwambia mama ukweli, kabla kamati haijafika, mbele ya mzee mmoja wa ukoo na sheikh, nyumbani, bila majirani. Akikataa, mwambie utakwenda kwa sheikh mwenyewe, na uende kweli. Kisha aiambie kamati hakuna cha kuhamisha, bomba lipite, na hapo ndipo aombe kiwanja cha badala kama mwanamume. Kwa Paska nendeni wote wawili mkaombe radhi, wewe ukitangulia.

Mama atalia kama amefiwa leo, na atakuwa amefiwa kweli, safari hii kwa mkono wa mtoto aliyebaki. Sina dawa ya hilo. Sheikh atajua dua ya kumsomea mtu ambaye hajulikani alipo, na wewe usimwache mama peke yake hata kidogo. Akimlaani Nasuru, Nasuru asijibu. Na akiwauliza, "Basi Kamisi iko wapi?" msimtafutie jibu lingine la kumpoza. Mwambieni hamjui.