Tangi Limejaa, Pikipiki Imegoma

Alhamisi, jioni. Jua la leo lilikuwa la kukausha mate, na vumbi la Kisaju bado liko masikioni mwangu. Nimeoga na bado natabasamu peke yangu kama mtu aliyeposwa juzi.

Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mbegu ya dume iliyogandishwa kwenye mtungi. Hapa Kitengela mimi bado ni mgeni, na wafugaji wananitazama mikono wakijiuliza kama nitaweza. Mama Wairimu, aliyehama Nyeri akanunua ploti huku ndani, ana ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Ng'ombe huyo nilimpandisha mara ya kwanza, hakushika mimba. Leo asubuhi Mama Wairimu akanipigia.

"Wewe msichana, hii ng'ombe inataka dume tena, tangu jana jioni. Ukichelewa naita yule mwenzako wa Isinya."

Joto la ng'ombe, hizo saa chache za kutaka dume, haliwekwi kabatini. Nikajaza petroli, nikafunga mtungi nyuma ya pikipiki, nikatoka mbio. Nilipoacha lami na kuingia njia ya murram, pikipiki ikakohoa, ikanyamaza.

Nilipiga kiki hadi goti likalalamika. Nikachomoa plagi, nikaigusisha kwenye injini, nikapiga kiki tena. Cheche ilikuwepo, ya buluu safi. Lakini ncha ya plagi ilikuwa kavu, hata harufu ya petroli haikuwepo. Basi moto upo, mafuta hayafiki. Na tangi nimelijaza asubuhi hiyo hiyo! Nikaanza kuilaumu kabureta, ambayo hata kuifungua sijui.

Niliogopa, na si kwa ajili ya pikipiki. Yule mpandishaji wa Isinya akiingia boma la Mama Wairimu tu, majirani wote watamfuata, nami nitarudi kwetu Machakos na mtungi wangu.

Akatokea mama mmoja wa Kimaasai na jerikeni ya maziwa.

"Takwenya," akanisalimu.

"Iko," nikaitikia kwa Kimaasai, nikiwa nimechuchumaa.

"Iko na mafuta?" akauliza, akiitazama pikipiki.

"Imejaa, mama. Nimeweka leo."

"Uliona ikiingia? Watu wa petroli wanaweza kukuuzia hewa."

Nilikasirika kidogo. Nikafungua kifuniko cha tangi ili aone mwenyewe.

Tangi likavuta pumzi. Fyuuu, ndefu, kama mtu aliyekuwa amezibwa pua.

Nilibaki nimeshika kifuniko, nikaanza kucheka. Kifuniko kina tundu dogo la hewa: petroli ikishuka, hewa inaingia kuchukua nafasi yake. Wiki iliyopita mvua ilitia maji kwenye petroli yangu, nami nikafanya wanavyofanya waendesha bodaboda wa stejini. Nilikata kipande cha tyubu kuukuu nikakibana chini ya kifuniko. Maji yakakoma kuingia. Hewa pia ikakoma, na bila hewa petroli haishuki. Nilipokuwa naweka lita moja moja, hewa ya ndani ilitosha; leo nimejaza hadi mdomoni.

Nikaking'oa kile kipande. Nikasubiri kidogo, nikapiga kiki, ikawaka. Nilimkumbatia yule mama pamoja na jerikeni yake.

"Enda, enda," akasema akicheka, akiuonyesha mtungi kwa kidole. "Ng'ombe haingoji."

Mama Wairimu alikuwa langoni, simu sikioni. Nilipita na mikono myeusi ya grisi moja kwa moja hadi zizini. Ute wa ng'ombe bado ulikuwa unaning'inia, mwangavu na wa kuvutika kama ute wa yai. Nimewahi! Nikaomba maji na sabuni. Mama Wairimu akanitazama kutoka helmeti hadi gambuti, kisha akasema kwenye simu:

"Wacha tu, usikuje. Daktari amefika."

Daktari. Mimi.

Kazi nimeifanya vizuri, hilo nalijua. Lakini ng'ombe atashika? Asiposhika, baada ya wiki tatu atataka dume tena, na Mama Wairimu atapiga simu. Sijawahi kuomba hivi mtu asinipigie.