Jivu kwenye Gari ya Bethwel

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Micah, mtu wa miaka arobaini na tatu, unaficha doa kama mtoto aliyekojoa kitanda! Nimemwambia hivyo, na majirani wamesikia, na wasikie. Asubuhi naona mchanga mpya chini ya gari. Nani humwaga mchanga pale? Nikaukwaruza na fimbo. Chini yake — nyekundu! Nikadhani mbwa amekula kuku wangu. Nikanusa. Mafuta.

Micah anasema eti ni ya stiaring, ya usukani. Eti inavuja kidogo tu, naongeza kila siku, mama.

Kila siku! Tangu Pasaka nilipompa ufunguo! Na Jumamosi hii gari ndiyo inampeleka Jepleting kanisani Nakuru, arusi yake. Kuteremka mteremko wa Sachangwan na malori yale, mjukuu wangu ndani na shela, na mwanangu anapigana na usukani.

Mimi ndiye niliapa. Mwaka jana, siku tulimzika mume wangu Bethwel, mbele ya watu wote: mjukuu wa kwanza kuolewa atatoka hapa na gari ya babu yake. Watu wanakumbuka. Hawasahau maneno yangu, nimeyasema kwa sauti.

Ukungu mzito leo. Gari imesimama ndani yake kama ng'ombe anayengoja kukamuliwa.

Jumanne, 13 Agosti

Omolo fundi amekuja kutoka Molo. Mikono mizuri, mdomo mbaya. "Niaje mathe." Nikamwuliza, mimi ndiye nilikuzaa? Akasema pole shosho, akaingia chini ya gari, ikabaki miguu tu.

Ametoka na jibu. Huko chini kila kitu kimelowa, kwa hivyo raki, chuma kinachogeuza magurudumu, imekufa. Ibadilishwe yote. Iagizwe. Wiki mbili.

Wiki mbili! Micah akasema tukodishe gari ingine, kuna nyeupe safi kwa rafiki yake. Nikamwangalia tu. Akachukua ufunguo.

Alipoirudisha kwa kibanda akakata kona, na gari ikalia. Mmmmm — ndefu, ya chini, kama kitu kinaota. Nikasimama na ndoo mkononi mpaka maziwa yakapoa. Hiyo sauti naijua. Wapi?

Jumatano, 14 Agosti

Jua lilitoka kidogo mchana, nikalala kwa kiti. Nimemwona Bethwel. Anakamua usukani. Kweli, anaukamua kama chuchu, na maziwa mekundu yanaingia kwa kibuyu, na kibuyu hakijai. Nikamwambia kibuyu chako kimetoboka, mzee. Bila kugeuka akasema, "Nilikuambia."

Nikaamka. Mvua.

Aliniambia nini?

Alhamisi, 15 Agosti

Kumbe ndoto ilikuwa na akili! Kibuyu.

Kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kikivuja, huwezi kuona tundu kwa macho. Mama yangu alinifunza: panguza nje, kausha, paka jivu kavu, tia maji, ngoja. Pale jivu linalowa kwanza, ndipo. Usiangalie chini panapodondoka. Maji ni kama udaku, unapoyakuta sipo yalipozaliwa.

Nikampigia Omolo arudi. Nikachekecha jivu la jikoni mpaka likawa laini kama unga. Akaniona na ungo akacheka, eti shosho unataka kupika gari? Nikamwambia cheka ukipanguza. Akapanguza kila bomba na kitambaa chenye mafuta ya taa, tukangoja pakauke. Kisha nikalirusha jivu kwa mkono, polepole. Tumbo lote la gari, chini ya boneti, likawa jeupe, kama asubuhi ya baridi kule Mau.

Jepleting alikuja jana kutoka kazi ya shamba Naivasha, mikono bado na harufu ya maua ya watu. Akakaa kwa usukani. "Kogo," ndivyo anavyoniita bibi yake, "niwashe?" Washa. Kulia mpaka mwisho! Sasa kushoto!

Mmmmm.

Tukainama, mimi, Omolo na Micah, vichwa vitatu. Raki — kavu. Chini — kavu. Halafu juu, karibu na pampu, doa dogo jekundu likafunguka kwa jivu kama ua.

"Hosi!" Omolo amepiga kelele. "Ni hili bomba la mpira peke yake! Raki iko sawa, shosho!" Hakucheka tena.

Alipolipanguza akasema ngoja, kuna mtu alifunga hapa. Kipande cha tyubu ya baiskeli, kimezungushwa mara nyingi, kimeoza. Nani mjinga alidhani tyubu itashika presha? Micah akaapa si yeye.

Mimi nililiona fundo. Limepinda kushoto. Bethwel alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Ndama, lango, kamba za viatu, alivifunga vyote namna hiyo.

Nikasema jivu limeniingia machoni.

Ijumaa, 16 Agosti

Sasa nakumbuka alichoniambia. Mwaka wake wa mwisho. "Usukani umekuwa mzito, mama Micah." Nami nikajibu nini? Gari haina shida, mikono yako ndiyo imeisha! Mbele ya watu wa kanisa. Wakacheka. Nikachukua ufunguo nikauficha kwa kopo ya majani chai. Akatembea kwa fimbo mpaka alipolala. Hakubishana. Na ile sauti — kila Jumapili ililia hapa langoni, nami nimeketi kando yake naimba, naifunika.

Aliona tundu. Akalifunga alivyojua.

Sijaomba mtu msamaha tangu niwe msichana. Sijui unaanzia wapi. Na wa kusikia yuko pale kaburini, nyuma ya shamba la pareto.

Saa kumi. Omolo amepeleka hosi Nakuru kwa mtu mwenye mashine ya kuitengeneza. Hajarudi. Amepiga simu: stima imepotea, wanangoja. Jepleting amevaa shela kuijaribu, anatembea nje kwa ukungu, miguu haionekani, ni kama anaelea. Amesema pole pole, Kogo, hata gari ingine ni sawa. Micah amesema Omolo arudi na ile hosi ya zamani, afunge tyubu mpya, ni kilomita arobaini tu.

Hapana! Usukani ukiwa mzito, gari haitembei. Ningepaswa kusema hivyo siku ile. Kiapo changu si breki, hakisimamishi gari mteremkoni.

Kwa hivyo, Micah — acha kuniangalia ninavyoandika, sikiliza. Piga simu kwa mwenye gari nyeupe, akae tayari. Omolo akifika mfunge hosi, mpanguze, mniite na ungo. Mzungushe usukani kulia na kushoto mara kumi nikiwa nimesimama hapo. Jivu likibaki kavu, tunateremka na gari ya Bethwel. Likilowa, Jepleting apande hiyo nyeupe, na nitawaambia watu mwenyewe kwa nini.

Na ile tyubu usitupe. Lete hapa mkononi mwangu. Fundo lisifunguliwe.