Watu Wasiseme

Ufukoni, Mtwara
3 Februari 2024

Mwanangu Fahad,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Tanga? Mimi naendelea, ila kwenye simu pumzi hunikatikia, ndiyo maana naandika. Tangu moyo uliponilaza, naenda kliniki ya mazoezi. Wenzangu wanazunguka uwanja, mimi nusu tu natafuta benchi. Daktari anasema moyo wangu unabeba mizigo miwili, ugonjwa na mwili huu.

Mkeo Farida ananipikia mchemsho wa samaki na mboga. Nazi kaipiga marufuku. Nanung'unika, lakini magauni yameanza kulegea, na juzi nimezunguka uwanja wote. Nimechoka kweli, ila nimefurahi.

Mama yako

Tanga
20 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Moyo unaendeleaje? Mimi mzima. Shangazi Subira amenipigia. Anasema umekonda, na mtaani wanasema mkwe anakunyima chakula. Nimeona aibu. Nimempigia Farida na nimemwambia maneno makali. Kula, Mama, watu wasiseme.

Mwanao Fahad

Ufukoni
11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hali yangu si nzuri. Watu hawasemi tena, sasa wananisifu nimenawiri. Farida alirudisha wali wa nazi, samaki wa kupaka, maandazi. Nikisukuma sahani, analia: "Mama, kula, Fahad atasema nakunyima." Nikala. Tena vilikuwa vitamu, sitasema uongo.

Wenzangu wa kliniki wamemaliza, wameruhusiwa. Mimi nimerudishwa nianze upya na wageni. Daktari akamgombeza Farida kwa kunilisha, na wewe ulishamgombeza kwa kuninyima. Jana kafunga mzigo, karudi kwao Mikindani.

Mama yako

Tanga
19 Mei

Mama,

Shikamoo. Pole sana. Sikujua. Kazini hawanipi ruhusa, lakini nitampigia Farida simu, nitamtuliza.

Mwanao

Ufukoni
27 Mei

Fahad,

Marahaba. Usimpigie. Simu ndiyo iliyomtoa hapa.

Kwao ni juu kilimani, daladala haipandi, unapajua. Ijumaa nitapanda kumtaka radhi, kwa sababu nilijua anaonewa na nikaendelea kula. Nitapumzika kila baraza, na watakaonisifu huko nimenawiri wataniona ninavyohema. Daktari sijamwambia, atanikataza.

Kama hutaki nipande peke yangu, njoo.

Mama yako