Mwanamke wa Pipeline

Dada Mwende,

Hamjambo huko nyumbani? Huku mtaani Pipeline magorofa yamesongamana hadi jua halifiki chini. Leo asubuhi nilimvika mjukuu wetu masweta mawili, kofia ya sufu na blanketi zito, nikatoka naye kupunga hewa. Mwanamke nisiyemjua akanisimamisha.

"Mguse shingo," akasema polepole.

Ilikuwa moto, imelowa jasho, na mtoto amelegea. Nikamfunua haraka mpaka akalia. Nilipoinua macho, mwanamke hakuwepo. Jirani yetu alisimama mlangoni pake ameduwaa.

"Huyo mwanamke alizika mtoto wake wakati wa baridi mwaka jana; alimfunika nguo nyingi mno, joto likamuua," akaniambia. "Tangu siku hiyo hatujamsikia akisema neno."

Mtoto ni mzima, lakini sauti ile bado naisikia. Tuombeeni. Nawapenda sana.

Mdogo wako,
Kalunde