Nilidhani Ni Kama Jumamosi Yetu

Mpendwa mume wangu, Baba Neema,

Ovaroli yako bado inaning'inia nyuma ya mlango. Nimeifua mara mbili, harufu ya mafuta ya injini haijatoka, na sasa sitaki itoke. Nakukumbuka pale gereji ya Cibitoke, umelaza sikio juu ya boneti, ukiwatania wateja: "Munyamaze, mugonjwa anasema."

Gereji ilipofungwa, ukavuka mpaka kutoka Burundi kwenda Kongo kuchimba mawe yanayotengenezewa vyuma vya magari. Siku moja ukapiga simu. "Mama Neema, uku kila Alhamisi ni salongo, kazi ya bure. Ni ya lazima. Mi nimechoka."

Nilicheka. "We nawe! Ata siye Jumamosi tunafagia mutaa, na ni lazima. Ufagio umeshaua nani?"

Ukajibu, "Sawa. Nitashuka shimoni."

Alhamisi iliyofuata shimo likakufunika.

Wenzako walioleta nguo zako ndio walionieleza: salongo ile ni kuwachimbia wenye bunduki bure, na anayekataa anapigwa. Ulitaka nikuambie urudi. Mimi nikakufanyia mzaha.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja, ametumwa na wanaonunua mawe hayo kwa ajili ya viwanda vya magari. Alisema wakithibitisha kwamba watu wanalazimishwa, hawatanunua tena kwenye mgodi ule mpaka Alhamisi hizo zikome. Lakini mtu wa mgodi alikuwa amemtangulia. Alisimama hapa mlangoni, akampapasa Neema kichwani. "Sema alijitolea. Uyo mugeni atarudi kwao. We na mutoto mutabaki apa, na siye."

Niliogopa, Baba Neema. Mgeni alipofika, nilimimina chai nje ya kikombe. Hata hivyo nilimweleza yote, naye akaandika kwamba ulilazimishwa. Kisha akaniuliza polepole, "Alipokuambia amechoka, ulimjibu nini?"

Niligeuka nikaitazama ovaroli yako. Mwishowe nikamwambia na hilo. Akaliandika pia.

Leo ni Jumamosi. Majirani wako nje na mafagio, wananiita. Nimekaa kitandani na simu mkononi, jina lako bado limo. Nimechelewa, najua, lakini jibu langu ni hili: usishuke. Rudi nyumbani.

Anayelinda ovaroli yako,
Mama Neema