Letusi za Arobaini

Jumatano, Machi 1999
Kuze, baada ya Alasiri

Joto. Hakuna upepo hata wa kutikisa pazia, na mfereji wiki nzima unakohoa tu, maji hautoi. Nyumba imejaa wanawake. Chini wanachambua mchele, uani wanamenya vitunguu thomu, na kila anayepanda ngazi kuja kunipa mkono ananichungulia usoni kuona kama nimelia. Nimewaambia kichwa kinaniuma na nikafunga mlango. Kichwa kinaniuma kweli, lakini sicho kilichonifungisha mlango.

Kesho ni arobaini ya mume wangu.

Nilikuwa na jambo moja tu nililolitaka kwa siku ya kesho, na limeniponyoka. Naliandika hapa kwa sababu sina mtu wa kumweleza bila ya kumuumiza mtu mwingine.

Twaha alikuwa fundi wa mabomba katika hoteli moja ya watalii, ng'ambo ya daraja. Mpishi wa huko alikuwa halali kwa kulalamika kwamba letusi zinazoletwa kutoka bara zikifika Mombasa zimeshanywea. Twaha akaja akaona picha katika gazeti lililosahauliwa na mgeni: mboga zimeoteshwa ndani ya chumba, kwenye mabomba, udongo hakuna, ni maji tu yanayopita kwenye mizizi yakiwa na dawa yake ya kukuzia ndani. Basi. Akarudi nyumbani na wazimu mpya. Ile stoo yetu ya chini, isiyo na dirisha, ambayo kuta zake ni nene na joto haliingii, akaipaka chokaa. Akatundika taa za tyubu. Akapanga mabomba meupe juu ya mbao, akayatoboa matundu, na kila tundu akalitia kikombe cha plastiki chenye kokoto. Pampu ndogo, ya zile za matangi ya samaki, inayavuta maji kutoka kwenye pipa na kuyapandisha juu, kisha yanateremka yenyewe bomba kwa bomba mpaka yanarudi pipani. Inanguruma kutwa kucha. Mwanzoni nilimwambia achague, mimi au mashine. Akanijibu kuwa mashine angalau hainuni.

Wenzake wa barza, wale aliokuwa akikaa nao jioni kunywa kahawa, walimpa jina: Mkulima wa Chumbani. Walimuuliza ng'ombe atamfunga wapi, jikoni au chini ya kitanda. Letusi zake za kwanza zilirefuka shingo, zikatoa maua, zikawa chungu kama shubiri. Za pili zilioza umeme ulipokatika. Kila mara walimcheka, na kila mara naye aliwaapia kwamba ipo siku watakula letusi zake kwa mikono yao, tena wataomba waongezwe. Alikuwa akirudi nyumbani anacheka, lakini mimi ndiye niliyelala naye, na najua yale maneno yalikuwa yanamkaa.

Hizi za tatu alizihamisha kwenye matundu wiki ileile aliyofariki. Mche mmoja mmoja, kwa vidole viwili, akiuzungumzia kama mtoto anayevishwa shati. Siku ya pili yake akaenda kazini, akaanguka, na jioni akaletwa amefunikwa.

Mimi niko edani. Sitoki, sijipambi, sijitii manukato, na dunia yangu ni ngazi na vyumba mpaka muda wangu uishe. Wanawake wengine nasikia hupata usingizi, wengine hupata ibada. Mimi nilipata letusi. Kila asubuhi nilishuka stoo nikaangalia pipa, nikaongeza maji matamu, nikapima dawa kwa kijiko kilekile alichonionyesha. Na wallahi zilikua. Zikajaa, zikajikunja pembeni, kijani kibichi hata macho yanapoa ukizitazama. Nikaona zitakomaa sawasawa na arobaini. Nikaazimia ziende juu ya masinia ya hitma, kando ya pilau, ziwekwe mbele ya wale wale watu wa barza. Wazile kwa mikono yao, kama alivyowaapia, nami nikae nyuma ya pazia niwasikie wakitafuna.

Nilitaka wanyamaze tu. Sikutaka zaidi ya hapo.

Sasa maji. Kisima chetu cha uani ni cha chumvi, kama visima vingi vya huku kwetu. Tunafulia, tunaoshea vyombo, tunamwagilia mirehani na miasumini iliyokwisha kuyazoea tangu babu yake Twaha yu hai. Ya kunywa ni ya mfereji, na mfereji ukikauka tunangoja mkokoteni wa maji upite na madumu yake. Twaha alinikataza katakata maji ya kisima yasikaribie pipa. Kwa hivyo nilikuwa nimeweka madumu mawili ya maji matamu chini ya ngazi, ya letusi, na nikaomba yasiguswe.

Juzi niliamka na homa. Nililala kutwa, sijui la mchana wala la jioni. Nyumba akaishika mavyaa wangu, mamake Twaha, ambaye tunaishi naye. Wakaja wageni wa kupanga mambo ya hitma, wakataka chai, na mwenye mkokoteni siku hiyo hakupita. Mavyaa akapikia maji ya madumu yale. Hapo sina la kumlaumu, mgeni hanyimwi chai kwa ajili ya majani. Baadaye akakumbuka pipa. Akateremka, akaona maji yamekwenda chini na pampu inavuta hewa. Na kwa magoti yale, yanayomfanya akae kupumzika katikati ya ngazi, akateka maji kisimani, ndoo baada ya ndoo, akalijaza pipa mpaka ukingoni. Kwake maji ya kisima ndiyo maji ya mimea. Maisha yake yote kaimwagilia hayo, na hajaona mrehani uliokufa.

Jioni akaniletea uji, akaniambia nisitie wasiwasi, majani ya mwanawe ameshayanywesha. Nikamshukuru. Nilidhani mkokoteni umepita.

Jana asubuhi nilishuka. Zilikuwa zimelala zote, kila jani limening'inia nje ya tundu lake, na pembeni zimeanza kuungua rangi ya chai. Nilichovya kidole kwenye pipa nikakitia mdomoni. Nikakaa palepale sakafuni.

Nilijaribu. Nililimwaga pipa lote, nikayasafisha mabomba, nikamwomba jirani aukimbilie mkokoteni uliokuwa unapita njia ya Ndia Kuu, maana mimi mlango siuvuki. Yakaja maji matamu. Nikatia, nikapima dawa, nikakaa nazitazama kama mgonjwa anayengojewa afumbue macho. Chache zilinyanyuka kidogo. Zilizobaki ndiyo basi.

Jana kutwa nilimchukia mavyaa. Naandika hivyo hivyo, nikiremba nitakuwa najidanganya mwenyewe. Nilimsikia juu akiburuta ndara zake, na kila akiburuta mimi roho inaniwaka. Nilisema moyoni kwamba mwanawe kamuua mara ya pili. Nikaogopa nilichokisema, nikatubu, kisha baada ya muda nikakisema tena.

Leo baada ya Adhuhuri nilichukua kisu na ungo, nikashuka kuvuna. Nilikuwa nimeyawaza sana mavuno haya. Niliyawaza na ndoo za maji baridi, na wifi zangu wamejipanga kuosha, na mimi nikiwaamrisha. Nilivuna peke yangu, kimyakimya, mlango nimeurudisha. Niliinua kikombe, nikakata shina, nikatupa ndooni kwa ajili ya mbuzi wa jirani. Nikainua kingine, nikatupa. Zile zilizokuwa na moyo mzima katikati nilimenya majani ya nje nikaweka ungoni. Nilipomaliza, ungo haukufunikika hata chini. Sinia moja lisingetosheka, sembuse hitma nzima.

Nikamsikia anateremka, kidato kwa kidato, na kupumzika kwake. Sikupata wakati wa kuficha ndoo.

Alisimama mlangoni akaangalia mabomba matupu, akaangalia ndoo, akaniangalia mimi. Mavyaa si mwanamke wa maneno mengi. Siku ya maziko ndiye aliyetunyamazisha sote, akituambia tumche Mungu na tusubiri, na chozi lake hakuna aliyeliona.

"Ni yale maji yangu?" aliniuliza.

"Ni joto, mama," nikamwambia. "Mwaka huu limezidi."

Akaja taratibu, akainama, akachukua jani kwenye ungo. Akalitafuna upande ule aliobakiwa na meno, akiliangalia bomba lililo mbele yake. Akameza.

"Joto halina chumvi, mwanangu."

Kisha akakaa chini karibu nami, juu ya sakafu iliyorowa, na akalia. Alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata nikahofia walioko uani watakuja. Hakuomba msamaha, na mimi sikumwambia si kitu, kwa sababu ni kitu. Nilimshika mkono tu. Kiganjani alikuwa na lengelenge la kamba ya kisima, limepasuka na kubaki nyama nyekundu. Tangu juzi anakula kwa mkono ule, anatawadha kwa mkono ule, na mimi nimo ndani ya nyumba hii sikuuona.

Chuki yangu ya jana sijui ilikwenda wapi. Ningependa kusema iliondoka ikaacha nafasi ya amani, lakini iliacha uchovu.

Tukazila. Mimi na yeye, jani kwa jani, bila ndimu wala mafuta. Zilikuwa ngumu na zina chumvi, na kwa mbali, baada ya chumvi, kulikuwa na utamu kidogo. Au mimi niliutaka uwepo. Aliniuliza kama ndivyo zinavyotakiwa kuwa. Nikamwambia zimekaribia. Alitikisa kichwa, akachukua nyingine, na hatukuacha mpaka ungo ukabaki mtupu.

Kwa hivyo kesho ni pilau na kachumbari, kama hitma nyingine yoyote. Watu wa barza watakuja, Mungu awalipe, watasoma na wataitikia dua, kisha watanawa mikono. Na namjua mmoja wao, katikati ya tonge, atauliza yale majani ya Mkulima wa Chumbani yaliishia wapi. Watacheka. Watacheka kwa upole, kwa kuwa mwenyewe ni marehemu, na upole huo ndio nitakaoshindwa kuumeza. Mimi nitakuwa nyuma ya pazia na mdomo wangu umefungwa. Mwanamke wa eda atatoka vipi kwenda kuwaambia wanaume kwamba mpaka juzi zilikuwa zimesimama, zimejaa, na wangeomba waongezwe?

Hakuna aliyeziona zikikua ila mimi. Nimezikumbuka kama zilivyokuwa, nimeziandika, na hilo ndilo nililoweza.

Jambo moja limebaki. Tulipomaliza kula niliinuka kuzima pampu, kwa kuwa haina tena cha kunywesha. Mavyaa akanishika pindo la nguo. Akaniambia niiache, kwani chumba chake kiko juu ya stoo, na kila alalapo huisikia, na akiisikia hudhani mwanawe yuko chini anashughulika. Sikujua. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayelala kwa sauti ile.

Basi nimeiacha. Inayapandisha maji, inayapitisha kwenye mabomba matupu, inayarudisha pipani. Hapa nilipo ninaisikia chini ya miguu yangu, na yeye chumbani kwake anaisikia pia. Itafika siku mmoja wetu atashuka kuizima.

Sijui nataka awe nani.